Nani Aanze? Mhadhara juu ya Kutunga Opereta katika Lugha za Kompyuta



Mtu wa hapa Uvira anawaambia: "Nadaiwa elfu mia mbili na hamsini." Anadaiwa franka ngapi?

Najua wengi mmeshajibu kimoyomoyo: 250,000. Lakini hapakosi mwanafunzi mkorofi, kule nyuma, atakayesema 200,050. Tukimkemea tutakuwa tunamwonea, maana hakuvunja sarufi yoyote. Katika Kiswahili, neno "elfu" hutangulia idadi yake, na "mia" vilevile. Neno "na" lenyewe hukaa katikati, likiunganisha cha kushoto na cha kulia. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Je, "elfu" inashika "mia mbili" peke yake, halafu "na" inaongeza hamsini? Au "na" inakusanya kwanza mia mbili na hamsini, kisha "elfu" inashika mkusanyiko wote? Ukiandika kwa mabano, njia zote mbili zinaonekana:

elfu (mia mbili) na hamsini, yaani 200,050

elfu (mia mbili na hamsini), yaani 250,000

Sisi tunaelewana kwa sababu ya mazoea. Hakuna anayedai franka hamsini kavu juu ya laki mbili; hamsini hiyo haina kazi sokoni. Ndugu zetu wa Kigoma wakisema "laki mbili na nusu," hakuna anayetafuta nusu ya shilingi. Na pale mazoea yasipotosha, tunatua kidogo baada ya neno, au tunaandika kwenye karatasi na kumgeuzia mwenzetu aone. Kwa Kifaransa cha shuleni shida hii haipo, kwa kuwa pale neno la elfu huja nyuma, likafunga kila kilicholitangulia.

Kompyuta haijawahi kufika soko letu la Mulongwe. Haijui kwamba hamsini haina kazi. Kwa hiyo lazima mtu aiambie mapema nani aanze. Leo nataka tuseme juu ya huyo mtu: anaamua nini hasa, anaamuaje, na kwa nini nadai kwamba kazi yake ni ya kutunga sheria kuliko kupamba maandishi.

Maswali mawili tu

Chukueni mama anayenunua magunia matatu ya muhogo, kila gunia franka 40,000, na mwenye pikipiki anamtoza 5,000 kwa usafiri. Akiandika hesabu yake kama alivyoitaja, itakuwa 5,000 + 3 × 40,000. Simu yake itampa 125,000. Mashine ndogo ya hesabu, ile ya vitufe vinne vya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa, itampa 200,120,000. Mashine hiyo haijaharibika. Inatenda kila alama inapobonyezwa: ikajumlisha 5,000 na 3, ikapata 5,003, ikazidisha kwa 40,000. Simu imefundishwa sheria ya shuleni, kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha, hata kama kumeandikwa nyuma.

Hilo ndilo swali la kwanza, nalo tutaliita kipaumbele: alama mbili tofauti za hesabu, yaani opereta, zikikutana, ipi inashika namba kwa nguvu zaidi?

Swali la pili hutokea alama zikiwa sawa. Una 100,000, unatoa 30,000, unatoa 20,000. Ukianza kushoto unabaki na 50,000. Ukianza kulia, unatoa kwanza 20,000 kwenye 30,000, unapata 10,000, kisha unaitoa hiyo kwenye 100,000: unabaki na 90,000. Hakuna mfanyabiashara atakayekubali hesabu ya pili, ila mdaiwa wake. Hili tutaliita mwelekeo: alama zenye kipaumbele kimoja zikifuatana, tunafunga kutoka kushoto au kutoka kulia? Kutoa na kugawa hufunga kushoto. Kupandisha namba kwenye kipeo hufunga kulia kwa desturi ya wanahisabati, na hapo hata mitambo mikubwa haikubaliani. Iandikie lugha ya Python hesabu ya 2 kwa kipeo cha 3 kwa kipeo cha 2, itakupa 512. Iandikie Excel hesabu hiyohiyo, itakupa 64, kwa sababu Excel imeanza kushoto.

Na ile shida yetu ya "elfu" inayotangulia na "na" inayokaa katikati imo humo pia. Andika katika Excel alama ya hasi, 2, kisha kipeo cha 2: jibu ni 4, kwa maana Excel imeshikanisha hasi na 2 kwanza. Python itakupa hasi 4, kwa maana imepandisha kipeo kwanza, hasi ikaja mwisho. Mhasibu wa ofisi moja akihamisha fomula kutoka huku kwenda kule bila mabano, anahama nchi bila kujua kwamba sheria zimebadilika.

Waliojaribu kuiondoa shida

Msidhani hakuna waliojaribu kuukimbia mjadala huu. Mwaka 1924 mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, alipata njia ya kuandika kila alama mbele ya vitu vyake. Alama zote zikitangulia, na kila moja ikajulikana inachukua vitu vingapi, mabano hayahitajiki kabisa. Kumbe Kiswahili kilichosema "elfu" na "mia" mbele kilikuwa karibu na njia yake. Tulichanganya mambo tulipoiweka "na" katikati.

Kenneth Iverson, mtu wa Kanada, alichapisha mwaka 1962 kitabu kilichozaa lugha ya APL. Alama zake zilikuwa nyingi mno, na kuzipangia ngazi zote kungemchosha kila msomaji. Akakata shauri: hakuna ngazi, kila kitu kinafungwa kutoka kulia. Sheria yake ni moja na haina ubaguzi. Lakini mfanyabiashara wetu mwenye 100,000, akitoa 30,000 na 20,000, ndani ya APL atabaki na 90,000. Sheria ikiwa nyepesi kwa aliyeitunga, bado yaweza kumlemea aliyelelewa na nyingine.

Lugha nyingi zilifuata Fortran ya IBM, iliyotoka mwaka 1957, na kuheshimu sheria ya shuleni. Mwalimu wa hesabu wa Uvira, wa Bujumbura na wa Kigoma wote wanaifundisha, kila mmoja kwa lugha yake ya shule. Hapo makubaliano yalikuwepo kabla ya mashine, na mashine ikainama.

Mashine inafanyaje?

Kuna kazi moja ya Edsger Dijkstra, Mholanzi, ya mwaka 1961, ambayo inaeleza vizuri kwa nini maswali ni mawili tu. Aliipa jina la uwanja wa kupangia mabehewa ya treni. Sisi hapa ziwani tunafikiwa na mizigo ya reli kupitia Kigoma na Kalemie, kwa hiyo mfano wake si mgeni kwetu.

Fikirieni hesabu inaingia uwanjani behewa moja moja, kutoka kushoto. Namba hazisimamishwi, zinapita moja kwa moja. Alama zinapelekwa kwenye njia ya pembeni kungoja. Alama mpya inapofika, inaitazama iliyokuja mwisho kwenye ile njia ya pembeni. Kama iliyomo ina kipaumbele kikubwa kuliko mgeni, inatoka kwanza kufanya kazi yake. Kama iliyomo ni dhaifu, inabaki ikingoja, na mgeni anapanga nyuma yake. Kama nguvu ni sawa, ndipo mwelekeo unaulizwa: ikiwa ni kushoto, iliyomo inatoka, ikiwa ni kulia, inaendelea kungoja. Hesabu ikiisha, zilizobaki pembeni zinatoka kwa zamu, ya mwisho kuingia ikiwa ya kwanza kutoka.

Angalieni kwamba mpangaji wa mabehewa hajui kuzidisha wala kujumlisha. Anachoangalia ni daftari lenye safu mbili: nguvu na upande. Ukitaka kumletea alama ambayo haijawahi kuonekana duniani, unamwongezea mstari mmoja katika daftari. Basi. Ndiyo maana lugha kadhaa za kompyuta zilithubutu kumwachia mwandishi wa kawaida kalamu ya daftari hilo. Algol 68 iliruhusu alama mpya na ngazi kutoka 1 hadi 9. Prolog, iliyozaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, baadaye ikapata ngazi zinazofika 1200. Haskell, iliyotangazwa mwaka 1990, ina ngazi kumi, kuanzia 0 hadi 9.

Tutunge alama yetu

Tutunge moja inayofaa mji huu. Sote tunajua kutuma pesa kwa wakala anayekata sehemu yake. Nitaiandika alama ya makato hivi: -% na maana yake ni "ondoa asilimia." Kwa hiyo 100 -% 10 ni 90. Asilimia kumi nimeichagua ili hesabu iwe nyepesi, mawakala wasinigombeze. Katika Haskell mistari miwili inatosha:

infixl 6 -%

x -% y = x - x * y / 100

Mstari wa pili unasema alama inafanya nini. Huo ndio vijana wote hukimbilia kuuandika. Mimi nawaomba mkae na mstari wa kwanza. Neno infixl linasema alama inakaa katikati na inafunga kushoto. 6 ni ngazi yake, sawa na kujumlisha na kutoa, chini ya kuzidisha ambayo iko 7.

Tuanze na mwelekeo. Dola 100 zinatoka Uvira kwenda Baraka, wakala wa kwanza anakata asilimia 10. Kutoka Baraka kwenda Fizi wakala wa pili naye anakata asilimia 10. Tunaandika 100 -% 10 -% 10. Tukifunga kushoto, 100 inakuwa 90, na 90 inakuwa 81. Hivyo ndivyo pesa inavyosafiri kweli. Tukifunga kulia, mashine inachukua kwanza 10 -% 10, inapata 9, halafu inakata asilimia 9 kwenye 100: jibu ni 91. Wakala wa pili amekata asilimia za mwenzake badala ya kukata pesa! Mashine haitalalamika, maana kwake 10 ni 10, iwe dola au asilimia. Kama tungekipa kila kitu aina yake, pesa ikawa pesa na asilimia ikawa asilimia, kompaila, yaani programu inayosoma na kutafsiri maandishi yetu, ingekataa kukata asilimia kutoka kwenye asilimia, na kosa lingeonekana kabla ya mtu kupoteza kitu.

Sasa kipaumbele. Mama ana dola 100 za ndagala na dola 50 za mawese, anatuma zote: 100 + 50 -% 10. Tukiiweka alama yetu kwenye ngazi ya 7, makato yanaanguka kwenye 50 peke yake: 45 na 100 ni 145. Tukiiacha ngazi ya 6, pamoja na kujumlisha, tunafunga kushoto: 150, kisha makato, inabaki 135. Tofauti ni dola 10, na tofauti hiyo ina mwenyewe. Kwa 7 anafaidi mama, kwa 6 anafaidi wakala.

Mtu atasema, basi tuishushe hadi 5, chini ya kujumlisha, ili makato yaje mwisho wa yote. Katika mfano huo atapata 135 na kufurahi. Kesho mwingine ataandika 100 -% 10 + 50, akimaanisha: kata kwanza, kisha niongezee 50. Kwa ngazi ya 5, mashine itajumlisha 10 na 50 kwanza, itakata asilimia 60, na itamrudishia 40 badala ya 140.

Na asiyeandika mstari wa kwanza kabisa? Haskell haimwachi hivihivi. Inaipa alama yake ngazi ya 9 na mwelekeo wa kushoto, juu kuliko kuzidisha. Kunyamaza kwake kumehesabiwa kuwa uamuzi, na mama ameshapata 145 yake bila mtu yeyote kufikiri kama ndivyo makubaliano yalivyokuwa. Ndiyo sababu nasema kipaumbele ni sheria. Namba moja mbele ya alama imeamua nani abebe makato, na imeamua kimya, ndani ya kila ukurasa ambao alama hiyo itaandikwa.

Namba au uhusiano?

Kuna shida nyingine kwenye ngazi za namba. Haskell inasema namba kubwa ndiyo yenye nguvu. Prolog inasema kinyume: kuzidisha iko 400, kujumlisha 500, na ndogo ndiyo inayoshika zaidi. Kijana anayevuka kutoka moja kwenda nyingine anageuza dunia juu chini. Zaidi ya hapo, namba hulazimisha kila alama iwe na cheo mbele ya kila alama nyingine, hata zile zisizojuana. Ukisema makato ni 6, umeyapangia cheo mbele ya alama za maandishi, za orodha, za ulinganishi, ambazo hukuwahi kuzifikiria.

Watunzi wa lugha ya Swift waliliona hilo. Hapo awali walitumia namba kutoka 0 hadi 255. Katika toleo la tatu, mwaka 2016, wakaziacha. Sasa unaunda kundi la kipaumbele na kusema: kundi hili liko juu ya lile, au chini ya lile, na linafunga upande huu. Makundi mawili ambayo hayajaunganishwa kwa uhusiano wowote hayana cheo baina yao. Ukichanganya alama zao bila mabano, kompaila inakataa na kukutaka uweke mabano.

Haskell nayo ina adabu hiyo kwa upande wa mwelekeo. Mbali na infixl ya kushoto na infixr ya kulia, kuna infix tupu, isiyofunga popote. Alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa imetangazwa hivyo, kwenye ngazi ya 4. Ukiziandika mbili mfululizo bila mabano, programu haipiti.

Vijana wengi huona kukataa huku ni usumbufu. Mimi naona ndiyo sehemu yenye hekima kuliko zote katika somo hili. Kubahatisha kunakuja na gharama isiyofutika. Katika lugha ya C, alama & ina kipaumbele cha chini kuliko alama ya usawa, jambo linalowanasa waandishi hadi leo. Dennis Ritchie, aliyeitunga lugha hiyo, alieleza kwamba mpangilio huo ulirithiwa kutoka enzi ambapo & ilifanya kazi mbili; ilipopatikana alama mpya ya kuipunguzia mzigo, cheo cha zamani kiliachwa kwa sababu programu zilikuwa zimeshaandikwa. Baadaye alikiri kwamba ingekuwa heri kubadilisha. Programu zilizokuwepo wakati ule zilikuwa chache ukilinganisha na za leo, na bado zilitosha kuizuia sheria isirekebishwe. Aliyekataa mwanzoni anaweza kuruhusu baadaye bila kumvunjia mtu kitu. Aliyeruhusu mwanzoni akitaka kubadilisha baadaye, atageuza maana ya maandishi ya watu ambao hata hawajui kwamba yeye yupo.

Kwetu hapa

Nawaambia haya kwa sababu tunaishi mahali ambapo desturi hukutana. Ukitoka Kavimvira unaingia Gatumba, na mfukoni unaweza kuwa na franka za Kongo, franka za Burundi na dola kwa siku moja. Mwenye duka anaweza kutaja bei kwa dola, akapokea franka za Kongo, akarudisha chenji ya Burundi. Vijana wa hapa wanaoandika programu za maduka, za vyama vya akiba, za wavuvi wanaogawana mapato ya usiku baada ya kuondoa mafuta ya mtumbwi, wanaandikia watu wasio na kitabu kimoja cha sheria. Katika ule mgawo wa wavuvi, kugawa kabla ya kuondoa mafuta na kuondoa mafuta kabla ya kugawa ni mikataba miwili: mmoja unambebesha mwenye mtumbwi gharama yote, mwingine unaigawa kwa wote.

Kwa hiyo, mkitunga opereta, fanyeni hivi. Kwanza, ulizeni kama watu wanaohusika tayari wana makubaliano. Kama yapo, kama yale ya kuzidisha na kujumlisha, yafuateni hata kama hamyapendi. Pili, kama hayapo, zuieni alama yenu isifuatane na nyingine bila mabano. Mwacheni kila mwandishi aoneshe nia yake. Tatu, andikeni mstari wa kipaumbele kabla ya mstari wa kazi, na kando yake wekeni mfano mmoja wenye jibu, ili hata mwenye mtumbwi asiyejua programu aweze kuutazama na kusema ndiyo au hapana. Nne, kama jina la kawaida linatosha, acheni alama. "kataAsilimia" ni refu, lakini halimwachi msomaji akijiuliza nani aanze.

Walimu wenzangu, nanyi nina ombi kwenu. Tunawafundisha watoto kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha kana kwamba ni jambo la asili, kama maji kushuka kutoka milima ya Itombwe. Waambieni ukweli: watu walikubaliana, na wangeweza kukubaliana vingine, kama Iverson alivyofanya. Mtoto anayejua kwamba sheria ina mtunzi ataiheshimu akijua sababu yake, na siku yake ya kutunga ikifika, atakumbuka kuwauliza watakaoishi chini yake.

Sasa ni zamu yenu ya maswali, na kwa hili sheria iko wazi: wazee kwanza, halafu tunaanzia kushoto.